Baiskeli Hukata Moto Bweri

Majuma ya kwanza kazi yangu ilikuwa kwenda kuomba baiskeli kwa watu ambao hawakuziiba. Kampuni ilileta baiskeli za umeme hapa Musoma, ikazipanga kando ya barabara, ikatangaza kwa kipaza sauti kwamba ni za kushea: unafungua kwa simu, unaendesha, ukifika uendako unaiacha hapo hapo na kwenda zako. Hilo la mwisho ndilo lililotushinda. Kwetu baiskeli iliyosimama peke yake njiani ina mwenyewe aliyepatwa na shida. Labda ameingia kichakani, labda ameanguka, labda yuko kwenye pombe na atarudi analia. Mtu mwema akiikuta anaiingiza ndani.

Simu ya ofisini ilikuwa inaonyesha kila baiskeli ilipo, nami nikawa naifuata. Moja niliikuta Mwisenge kwa bibi mmoja, imefungwa kamba ya mbuzi, pamoja na mbuzi.

“Nimefuata baiskeli, bibi,” nikasema baada ya kumwamkia.

“Ya kwako?”

“Ya kampuni.”

“Mwenyewe yuko wapi?”

“Haina mwenyewe. Kila mtu anapanda.”

Bibi akaitazama, akanitazama na mimi. “Kitu cha kila mtu ndiyo kinalalaga nje kwenye mvua hivi? Mwambie aliyeiacha aje yeye. Nina maneno naye.”

Nilikaa pale mpaka nikanywa uji. Hakuniachia baiskeli mpaka nilipomwambia mimi ni mtoto wa nani, na kwamba baba na mama wote wamekufa. Hapo akafungua kamba mwenyewe. “Basi chukua, mtoto wa watu. Ila usiiache ovyo na wewe.”

Baadaye watu walizoea. Walimu walizipanda kwenda kazini, wauza dagaa wakafunga ndoo nyuma kutoka Mwigobero, vijana wakajua kuzipanda wawili wawili ingawa ilikatazwa. Zikaja na skuta, zile za kusimama, na mji mzima ukaziita simama-twende. Waliokuwa wanatucheka wakawa wanapiga simu kulalamika kwamba mtaani kwao haijaletwa hata moja. Mimi nikapewa fulana na funguo za chumba cha kuchajia betri, na wakubwa wakaanza kuniuliza maoni.

Kampuni ilikuwa imechora mpaka. Huuoni kwa macho, ila baiskeli inaujua. Ukitoka mjini ukafika Bweri, ukavuka kidogo tu pale yanapoegeshwa malori, inalia, halafu inakata moto. Pedali zinakuwa nzito kama unasukuma ukuta. Watu walikuwa wanaziacha pale pale zikilia na kupanda gari nyingine, kwa hiyo Bweri nilifika karibu kila siku. Nilikuwa nasimama na baiskeli iliyozima, nikiangalia mabasi yanayokwenda Bunda na Mwanza yakipunguza mwendo kwenye matuta kisha yanaongeza. Mji wetu ni ulimi uliotumbukizwa ziwani. Ukienda huku ni maji, kule ni maji, na upande uliobaki ni Bweri.

Nyumba yetu iko upande wa maji. Baba aliijenga alipokuwa anafanya kazi kiwanda cha samaki: tofali za kuchoma, bati, vyumba vitatu. Alipokufa yeye, akafuata mama, mimi nilikuwa kidato cha pili. Baada ya matanga wazee wa ukoo walikaa wakatugawa. Mdogo wangu anayenifuata alikwenda Butiama kwa mama mdogo. Kitindamimba akabaki na mimi. Nami nikaambiwa niikalie nyumba, maana nyumba ya mjini isiyo na mtu inapata watu. Shule haikutajwa. Sikuiuliza pia. Niliona wanavyotazama chini, nikajua jibu.

Kuikalia nyumba si kazi ambayo mtu atakuonea huruma. Una paa, una mlango, unalala. Lakini tangu siku ile sikulala mahali pengine. Harusi Tarime niliisikia kwa simu. Mchana nilikuwa huru kuzunguka na baiskeli mji mzima, ila jua likianza kushuka lazima taa ya kwetu iwake na mtu aonekane uani. Baba mkubwa, kaka yake baba, alikuwa anakuja mara kwa mara kutoka Bugwema kwa ajili ya kliniki ya sukari. Anakaa kwenye kiti, anakunywa chai isiyo na kitu, anazungusha macho juu kwenye kenchi za paa.

“Ng'ombe zilizonunua kiwanja hiki zilikuwaga za baba yetu,” anasema. “Baba yako alizitoa tu Bugwema akazileta huku. Unalijua hilo?”

“Nimelisikia, baba mkubwa.”

“Sisemi kitu. Nasema tu.”

Ndivyo tulivyoishi mpaka bosi wetu, kijana wa Mwanza asiyependa kukaa, aliponiita chumba cha betri.

“Dada, tunafungua Bunda. Nikupeleke wewe ukasimamie. Kuna ofisi, nyuma kuna chumba. Kule wataanza upya na yale mambo ya kufunga baiskeli na mbuzi, na wewe ndiye unayeyaweza.”

Nilimwambia nitafikiri. Sikuwa nafikiri. Nilitaka kwenda kiasi kwamba niliweka chini betri niliyoishika. Cheo hakikunisumbua akili. Nilitaka kulala mahali ambapo nisipokuwepo hakuna kitakachoharibika.

Nikampigia mdogo wangu wa Butiama. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, yuko kwa mama mdogo anapalilia mihogo na kusubiri kitu ambacho hakikuwa kinakuja. Alikuja na begi moja na mdomo wake wote.

“Kwa hiyo mimi ndiyo mlinzi sasa. Mbwa hamna?”

“Unalala tu na mdogo wako. Jioni unawasha taa, unatoka nje, unafagia hata kama pamefagiwa.”

“Nafagia pamefagiwa. Sawa. Na baba mkubwa akija?”

“Mpe chai. Aage aende.”

“Akisema hatoki?”

“Hajawahi kusema hatoki.”

Akacheka. “Dada, wewe umezeeka kabla ya watu. Nenda bwana. Nenda kaone magari.”

Nilimfundisha na baiskeli siku hizo, kufungua, kusoma betri, kuiinua ikilala. Alijua kwa haraka kuliko mimi nilivyojua.

Bunda ilinipokea vizuri. Ni mji uliokaa juu ya barabara kuu, kila kitu kinapita, na vijana wake wana akili ya barabarani. Hawakuingiza baiskeli ndani hata moja. Wao walikuwa wanazisukuma kwa mkono kuvuka mpaka, kisha wanashuka nazo mteremko bila umeme, wakipiga miluzi. Niliwafuata nikiwagombeza huku nacheka. Chumba changu kilikuwa na ufunguo mmoja na dirisha linalotazama ukuta. Siku ya kwanza nilipika ugali wa udaga, unga wa mihogo, nikashindwa kujua mtu mmoja anakula kiasi gani, ukabaki karibu wote. Nikaula asubuhi, baridi, nimekaa kitandani, na hakuna aliyeniita.

Jioni zilikuwa ngeni. Jua lilipoanza kushuka mwili wangu ulisimama wenyewe kutafuta fagio. Nikajilazimisha kukaa. Kidogo kidogo ikawezekana. Nilianza kutembea sokoni saa ambazo watu wa Musoma hawajawahi kuniona nje, nikila muhindi wa kuchoma, nikijibu salamu za watu wasiojua mimi ni mtoto wa nani.

Mdogo wangu alinipigia nikiwa sokoni.

“Dada. Baba mkubwa amekuja.”

“Mpe chai.”

“Amekuja na godoro.”

Nilisogea pembeni, kwenye duka la vitenge, nisikie vizuri. Akaniambia amekuja kwa gari la mizigo na kijana wa kumshushia vitu, ameamkiwa, ameingia, ameweka godoro chumba cha mbele kilichokuwa cha baba na mama. Kasema miguu inamsumbua, daktari anamtaka kila wiki, Bugwema ni mbali.

“Ulimfungulia?”

“Dada, ni baba mkubwa. Nisimame mlangoni nimzuie na nini?”

Hata mimi ningemfungulia.

Nilirudi kesho yake. Nilimkuta uani kwenye kile kiti, miguu imewekwa kwenye beseni la maji ya chumvi. Imevimba kweli. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima toka Bunda kumwambia maneno, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kupiga goti na kumwamkia.

“Marahaba mwanangu. Bunda hawajambo?”

“Hawajambo. Baba mkubwa, naona umehamia.”

“Nimehamia wapi? Nimekuja kwa mdogo wangu.”

“Hapa ni kwa watoto wake.”

“Na mimi nimewakuta watoto wake wawili, peke yao, mkubwa wao ameondoka na magari. Ukoo utanionaje?” Akasogeza mguu kwenye maji. “Si wewe ndiye unatufundisha kushea? Mji mzima unashea. Baiskeli mnashea. Nyumba ya ukoo ndiyo isisheiwe?”

Mdogo wangu alikuwa jikoni akacheka kwa sauti, si kwa kupenda, ilimtoka. Hata mimi nusura nicheke. Ndilo lililonimaliza, kwamba lilikuwa neno zuri.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Alinisikiliza akikata kucha. Akasema mgonjwa hatolewi kwenye nyumba ya mdogo wake, na mambo ya ukoo tukae wenyewe tuyazungumze. Nikauliza kama nikiondoka mimi na wadogo zangu, kisha siku moja tukarudi, itakuwa ya nani. Akaacha kucha akanitazama.

“Binti, mimi nitakachosema siku hiyo ni nani nilikuwa namwona pale. Basi.”

Nilitembea kurudi kwa miguu ingawa njiani zilikuwepo baiskeli tatu.

Jioni ile tulikaa mimi na mdogo wangu nyuma ya jiko, tukichambua dagaa. Akasema yeye hawezi. Alisema bila kunitazama.

“Akiniita nakwenda. Akiniambia hamisha hiki nahamisha. Jana ameniambia nitoe picha ya mama ukutani aweke koti, nimeitoa. Kesho ataniambia nitoke, nitatoka, najijua. Wewe hatakuambia.”

“Kwa nini hataniambia?”

“Kwa sababu wewe hutoki.”

Hakusema kwa kunisifu. Alikuwa anataja kitu kilivyo, kama kusema ukuta huu ni wa tofali.

Bosi alinipigia mara mbili. Ya pili nikamwambia siwezi kurudi Bunda, ila ninaye mtu, ana kidato cha nne, anajua betri, na mdomo wa kuwaweza wale vijana wa mteremko anao. Akauliza, “Ni nani?” Nikasema ni mdogo wangu. Kabla ya wiki kuisha alikuwa kwenye basi na begi lile lile. Nilimsindikiza mpaka Bweri. Alitaka kulia, nikamwambia asilie, atakikosa kiti cha dirishani. Basi lilipunguza kwenye matuta, likaongeza.

Picha ya mama niliirudisha ukutani. Koti la baba mkubwa nikalipigilia msumari wake, upande mwingine. Nasi tumekaa hivyo tangu hapo, yeye chumba cha mbele, mimi na kitindamimba cha nyuma. Nampikia ugali mdogo, mboga nyingi, bila sukari kwenye chai. Anapougua namshika mkono mpaka kliniki. Kuna siku ananisimulia habari za baba alipokuwa mtoto na najikuta nimeinama mbele nisikose neno, kisha nakumbuka nimekaa na nani.

Mdogo wangu amenona Bunda. Wamempandisha cheo, sasa wanafungua Butiama na yeye ndiye aliyekwenda kupima njia, kule kule alikokuwa anapalilia mihogo. Ananipigia akiwa juu ya skuta, upepo unaingia kwenye simu, ananiambia mama mdogo amepanda moja akaangukia kwenye maharage, akapanda tena na amekataa kushuka. Nacheka naye. Ananiuliza nitakwenda lini kuona. Namwambia nikipata nafasi.

Baba mkubwa huwa anakwenda Bugwema kuangalia ng'ombe zake, anakaa huko siku mbili. Asubuhi ya kuondoka anasimama mlangoni na fimbo na mfuko wa dawa, anatazama chumba chetu kwa juu ya bega langu, kuona kama begi langu limefungwa au la.

“Upo?” ananiuliza.

“Nipo, baba mkubwa.”

Anatikisa kichwa polepole, anashuka ngazi. Nachukua fagio.