Wifi Yangu Huonja Kwanza

Kwetu Murukulazo mtu hakupi kinywaji hivi hivi. Anamimina, anaonja yeye kwanza mbele ya macho yako, ndipo anakukabidhi kikombe. Hakuna anayemweleza mtoto sababu, unakua ukiona. Ukipewa kikombe ambacho hakijaonjwa, mkono wenyewe unasita.

Mimi ni mwalimu wa sayansi shule ya msingi. Kila mwaka nachora ubaoni mfumo wa chakula: utumbo mwembamba ukijikunja katikati, utumbo mpana ukiuzunguka kama fremu ya dirisha. Mchoro huo naujua kwa kichwa. Haukunisaidia kitu.

Ugonjwa ulianza kiangazi, siku mbili baada ya kunywa pombe ya ndizi kwa wifi yangu, dada wa mume wangu. Nyumba yake na yangu zinatenganishwa na migomba tu, na kwa miaka yote ya ndoa yangu hakuna mtu niliyecheka naye kama yeye. Siku hiyo niliharisha mara sita kabla ya saa nne asubuhi. Mara ya saba nikaona damu, imechanganyika na utelezi. Nilirudi darasani nikaendelea kufundisha.

Zahanati walinipa dawa ya amiba. Nikapata nafuu wiki moja, damu ikarudi. Nikapewa dawa ya homa ya matumbo, ikarudi tena. Nilikonda mpaka gauni la shule likawa la mtu mwingine. Maumivu niliyazoea, kilichonitisha ni jinsi tumbo lilivyokuwa likinisubiri. Nikiwa peke yangu lilinyamaza. Nikisimama mbele ya watoto lilinguruma mara moja, chini upande wa kushoto, kama mtu anayegeuka kitandani. Nilianza kuamini kuna kitu humo ndani, na kwamba kinanisikiliza.

Mama yangu mzazi alitoka Kanazi kuja kuniuguza. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akakaa jikoni akinitazama muda mrefu bila kuvua kitenge cha safari.

"Kabla hujaugua ulikunywa kwa nani?"

Nikamwambia.

"Alionja?"

Hapo ndipo nilipokosea, na sitaki kumsingizia mama. Nilifumba macho nikakitafuta kile kikombe. Nilimwona wifi akimimina. Nilimwona akicheka, akinipa. Kati ya kumimina na kunipa hapakuwa na kitu. Nikarudia, na kila nilivyorudia kikombe kilizidi kujaa, mpaka kinywaji kikafika ukingoni, hakijaguswa na mdomo wa mtu.

"Sikumbuki akionja," nikasema.

Mama alikwenda kuteka maji. Kufika jioni maneno yangu yalishazunguka kijiji, yakiwa yamebadilika kidogo: hakuonja. Wiki ile palitokea msiba kwa jirani, wanawake wote tukapeleka chakula. Sufuria zote zilipakuliwa zikaisha. Ya wifi ilibaki kwenye majani ya migomba, mfuniko juu yake, na watu waliipita kwa mbali kidogo. Jua lilipopungua aliibeba kichwani akarudi nayo kwake. Niliona aibu, lakini niliogopa zaidi, sikumfuata.

Hatimaye mume wangu alinipeleka hospitali kubwa Mwanza. Katika msitu wa Biharamulo nilimwomba dereva wa basi asimame nikachimbe dawa. Niliingia vichakani hatua kumi tu. Basi likawa halisikiki, ndege hawasikiki, na damu yangu juu ya majani makavu ilikuwa kitu pekee chenye rangi. Nilihisi kwa yakini kwamba nimesimama na mwenzangu pale. Nikajifunga kanga nikakimbia.

Mwanza waliniingizia kipimo cha kamera nikiwa macho. Kwenye kioo niliona utumbo wangu mwenyewe. Ulikuwa mwekundu, umevimba, una vidonda vidogovidogo vinavyovuja, na ulikuwa unajikunja pole pole bila kuniuliza. Nililia. Daktari alinisubiri, kisha akasema huu ni uvimbe na vidonda vya utumbo mpana, wanauita kolaitisi.

"Nani kaniwekea sumu?" nikauliza.

"Hakuna mtu, mwalimu. Unawafundisha watoto kwamba mwili una askari wake wa kupigana na magonjwa, sivyo? Askari wako wameshindwa kumtambua mwenye nyumba. Wanaupiga utumbo wako." Akanipa dawa za kutuliza uvimbe, akanikataza pombe, akanionya kwamba hata nikizimeza dawa vizuri, ugonjwa huu hulala miezi, kisha huweza kuamka.

Nilirudi nikapona, au nilidhani nimepona. Nikachukua barua ya daktari, nikavuka migomba kwenda kuomba radhi.

Wifi alinikaribisha kwa heshima, kama mgeni wa ofisini. Akamimina uji. Akaonja. Halafu hakunipa. Alikishika kikombe kifuani mpaka uji ukaacha kutoa moshi.

"Wifi, mbona hunipi?"

"Nasubiri. Nione kwanza kama uji utanidhuru." Hakuwa akitania. "Siku hizi nikipika naitazama mikono yangu. Watu wote hawawezi kukosea, wifi. Labda ninayo hiyo sumu mikononi na sijui."

Moyo ulinipasuka. Nilimnyang'anya kile kikombe nikanywa uji wote, nikamsomea barua neno kwa neno, nikamchorea utumbo kwenye udongo wa uani. Aliitikia kwa kichwa, kama wanavyoitikia wanafunzi ambao hawajaelewa. Lakini nilipokuwa naondoka alinishika mkono akacheka kidogo, na jioni ile wanawake wawili waliokuwa wameniona toka njiani nikinywa walipita kwake kumsalimia.

Siku ya tatu asubuhi, ukungu ukiwa bado kwenye migomba, tumbo liligeuka upande wa kushoto.

Njia ya kwenda chooni kwetu inapita mbele ya uwanja wa wifi. Alikuwa amekaa anamenya ndizi. Mara ya kwanza nilimsalimia nikapita taratibu, nimeyabana meno. Damu ilikuwepo. Mara ya pili nilibeba jembe, kama naenda shambani. Mara ya tatu nilibeba ndoo, nikawa naimba pambio la kanisani, jasho likinitoka mgongoni.

Mara ya nne sauti ya kisu ikanyamaza.

"Umeamka salama, wifi?" akauliza.

"Salama kabisa," nikajibu, sikusimama.

Nilipotoka chooni kisu kilikuwa chini kwenye maganda. Alikuwa amesimama, ameinua mikono yake miwili mbele ya uso, anaigeuza upande huu na upande ule. Nilimwambia mara mbili kwamba ni ugonjwa tu, wifi, ni ule wa kwenye barua. Hakuniangalia. Aliendelea kuitazama mikono.