Udongo Mikononi mwa Thuwaini

Nilimkuta Thuwaini, Mwarabu wa duka la jirani, amechuchumaa nyuma ya duka lake anajisugua mikono kwa udongo na maji. Mbwa wangu alikuwa barabarani, kapigwa risasi.

Nikajua ni yeye.

Hii ilikuwa Mwenge, enzi za foleni na unga wa njano tuliouita unga wa Yanga. Mie ni mchonga vinyago, na mbwa niliachiwa na mzungu aliyerudi kwao. Jina lake Kamanda. Jibwa kama ndama, sitanii. Kumlisha ilikuwa kazi, na mke wangu Adelina alininunia kila siku kwa ajili ya unga. Lakini likikulalia miguuni jioni, unasahau shida zote.

Tena ndiye aliyelinda stoo yangu ya mpingo. Magogo yale ndiyo yalikuwa ugali wetu.

Wiki hiyo mgambo walitangaza kwamba mbwa asiyefungwa atapigwa risasi, sababu ya kichaa cha mbwa. Nikamfunga Kamanda kwa kamba mpya, nikaenda foleni ya unga. Narudi, maiti.

Mtaani kwetu hata mtoto alijua: Mwislamu akijisugua kwa udongo namna ile, kaguswa na mate ya mbwa. Na Thuwaini alikuwa halalamiki kingine ila Kamanda kumsogelea akiwa na udhu. Sasa mate kayapata wapi, kama si yeye aliyemfungua?

Nilimtukana mbele ya wateja wake. Matusi ya nguoni.

"Mungu akupe subira, Anselmo," alisema. Basi.

Aliyenivuta mkono ni Kasiani, mtoto wa baba yangu mdogo. Nilimtoa Newala mwenyewe, akawa analala kwangu na kula kwangu. Alilia kuliko mie. Kaburi la mbwa alichimba yeye, na akatukataza kukanyaga tena duka lile. Tukawa tunafuata sukari mbali huko.

Mwezi haukuisha. Jumapili tunatoka kanisani, stoo nyeupe. Magogo hakuna, vinyago vya oda hakuna. Kasiani hayupo, na begi lake halipo.

Nilikaa chini nikalia. Iliniuma, jamani, mpaka leo inaniuma.

Akaja Mahfudha, mke wa Thuwaini, kashika kamba yangu mpya.

"Baba Leonardi, nduguyo ndiye aliyemleta mbwa barabarani. Kaona gari la mgambo linakuja, akamvua kamba hii akaitupa uani kwetu. Mume wangu hajapata kumgusa mbwa toka azaliwe. Siku ile alimkumbatia shingoni amvutie dukani, mgambo wakamwamuru asogee pembeni, wakafyatua."

Nikamuuliza kwa nini walinyamaza.

"Alisema hawezi kumgombanisha mtu na damu yake."

Nilikwenda kumwomba radhi Thuwaini. Alinipokea, akanipimia sukari kama zamani.

Lakini kuna jambo sikumwambia. Kamanda alikuwa hamtaki Kasiani. Akimuona karibu na stoo, anamngurumia. Na kila akinguruma, mie nilikuwaga nachukua fimbo namchapa mbwa, ajifunze kuheshimu ndugu zangu.

Akajifunza. Ndiyo maana siku ile alimfuata Kasiani kwa upole mpaka barabarani.

Nyie wenye mbwa mnaosoma hapa, akimngurumia mtu wa nyumbani kwako, weka fimbo chini. Muulize kwanza huyo mtu anatafuta nini.