Namba Iliyofungwa Wakati wa Eda

Anayehusika na kupotea kwa namba ya simu ya dada yangu ni kampuni iliyomuuzia laini ile, kisha ikaifunga na kumuuzia mtu mwingine. Mhusika wa pili ni mimi niandikaye haya, na sababu nitaieleza mahali pake. Nilitumikia ofisi za kata za Kibiti hadi nilipostaafu, na sikuzoea kuandika kosa la mwenzangu huku langu nikiliruka.

Dada yangu amenifuata kwa matumbo mawili. Anaishi Ruaruke, na kazi yake ni kusuka mikeka ya ukindu kama alivyosuka mama yetu. Tofauti ni kwamba mama alimngoja mnunuzi apite barabarani, naye mnunuzi alipita alipotaka. Dada alipopata simu ya kupangusa, aliacha kungoja. Aliutandika mkeka uani asubuhi, jua likiwa bado pole ili rangi isidanganye, akaupiga picha na kuutuma kwa wateja wake wa Dar es Salaam. Kuandika hakukumpendeza, hivyo alituma sauti. Nimeketi barazani kwake mara nyingi nikimsikia akizungumza na wanawake ambao hajapata kuonana nao hata siku moja.

"Mwanangu, huo wa zambarau una mwenyewe. Wewe nakusukia wa kijani. Utamkalisha mkweo hapo, hatakumbuka kuondoka."

Sauti ya mteja ikarudi: "Basi mama huo usinisukie. Mimi nataka mkwe aondoke."

Dada alicheka hadi ukili, ule utepe wa ukindu aliokuwa akiusuka, ukamponyoka. Nilimshauri kwamba biashara huandikwa: tarehe, jina la mteja, vipimo vya mkeka. Akanijibu bila kuinua macho, "Kaka, wewe ulikuwa na daftari, na watu wakikuona wanakata kona. Mimi sina, na wananitafuta."

Namba ile ndiyo iliyokuwa duka lake. Katika pembe ya kila mkeka alishona kipande cha kitambaa chenye namba hiyo, ili mgeni aliyekalishwa juu yake harusini, akiupenda, ajue wa kumpigia. Wateja wake wengi walipatikana hivyo, mmoja akiwa amekaa juu ya mkeka wa mwingine.

Mumewe alifariki baada ya kuugua muda mfupi, naye akaingia eda, miezi minne na siku kumi. Wiki ya kwanza simu ililia mfululizo. Miongoni mwa waliopiga walikuwemo wanaume wenye maduka, wasiojua lililotokea. Ndipo nilipotoa neno, nikiwa kaka mkubwa: mwanamke aliye katika eda hazungumzi biashara na wanaume wa nje, simu izimwe, iwekwe kashani hadi muda utimie. Shehe wetu aliniambia baadaye kwamba dini haikumtaka afike huko, na kwamba angeweza kuwajibu kwa adabu akiwa ndani kwake. Sikuwa nimemuuliza. Nilitoa amri kwanza, kama nilivyozoea kazini. Dada, ambaye amenipinga katika kila jambo tangu utoto, safari hii alitii, kwa kuwa alikuwa na huzuni.

Mikono yake haikuzimwa. Alisuka mchana kutwa ndani ya chumba alichokalia eda, na kila nilipokwenda kumjulia hali, mikeka iliyokunjwa ilikuwa imepanda ukutani zaidi. Aliniambia kwamba siku akiwasha simu, wateja hawatamngoja tena asuke; watachagua tu. Hilo ndilo lililomvusha miezi ile.

Alipotoka eda, aliichaji simu kwa jirani mwenye sola. Ikawaka, picha zake zote zikiwemo, lakini mtandao haukuja. Alisafiri hadi Kibiti, nami nikamsindikiza dirishani kwa kampuni. Binti aliyetuhudumia alitazama mashine yake.

"Mama, namba hii sasa ni ya mtu mwingine. Laini ikikaa bila kutumika inafungwa, kisha inauzwa upya. Na ulitumiwa ujumbe."

Nikamuuliza ujumbe huo ulitumwa wapi.

"Kwenye namba hiyohiyo, mzee."

"Iliyokuwa imezimwa."

"Ndiyo, mzee."

Nilimwomba anipe maelezo hayo kwa maandishi. Akasema hana mamlaka. Niliyaandika mwenyewe, na saa nikaiandika. Kwa haki yake niseme pia kwamba alinipa kiti.

Nje, baada ya kununua laini mpya, dada aliomba simu yangu, akafungua spika na kuipigia namba yake mwenyewe. Mwanaume akapokea. Dada alipojitaja kuwa ni mama wa mikeka, tulisikia pumzi ndefu.

"Mama, umenitesa. Mimi fundi wa kuchomelea, nipo Mkuranga. Nachomelea geti, mtu ananipigia kuniuliza kama ukindu unachuja rangi."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia hauchuji. Nimebahatisha."

"Hauchuji," dada akasema. "Umejibu vizuri."

Nilimwonyesha kwa mkono kwamba aidai namba yake. Yeye akauliza jambo lingine: "Umeshaiandika mahali?"

"Mlangoni kwa karakana, kwa rangi ya mafuta. Na kwenye kila geti nililouza."

Nadhani dada aliyaona mageti yale kama anavyoiona mikeka yake. Kisha akasema, "Basi kaa nayo, baba. Wakinitafuta wape namba yangu mpya, nakutajia."

"Nitawapa. Ila simu yangu kitochi, mama. Wakituma picha siioni, na sauti zao sizipati."

Hapo ndipo hasara ilipo. Dada hakuwahi kuhifadhi namba za wateja; zilikuwa ndani ya mazungumzo yaliyopotea pamoja na namba ya zamani. Anayepiga huelekezwa, anayetuma sauti, kama dada alivyowazoesha, humsemesha mtu asiyekuwepo, kisha hudhani amepuuzwa.

Mke wangu aliposikia alisema, "Katika hayo maandishi yako, aliyeamuru simu iingie kashani usimsahau." Halafu akachukua sindano, tukaenda wote Ruaruke. Tulishinda siku nzima tukifumua vitambaa vya namba ya zamani, wao wakishona vipya, mimi nikiandika namba kwa wino usiofutika. Dada alikikataa kitambaa changu kimoja kwa kuwa saba yangu ilifanana na moja. Alikuwa sahihi. Fundi ametimiza ahadi, lakini waliorejea bado ni wachache, na mikeka ingali ukutani.

Barua niliyoiandikia kampuni ilipokewa dirishani Kibiti na haijajibiwa. Kwa hiyo naitaka kampuni hiyo, kwa saini ya ofisa mwenye dhamana, ieleze ni nani aliyeidhinisha namba ya dada yangu iuzwe. Kwa nini taarifa ilipelekwa kwenye simu iliyozimwa, ilhali kitambulisho chake na jina la kijiji chake wanavyo. Na kwa nini, katika wilaya ambayo wajane wake hukaa eda, kanuni yao imewekewa muda mfupi kuliko eda. Majibu yaelekezwe kwake yeye, mwenye biashara, kwa maandishi, nami nipewe nakala.