Kahawa Tuliyopeleka Burundi

Mwanangu, nimesikia ukisema Burundi ni nchi ndogo, wiki moja utakuwa umeimaliza. Hata mimi niliwaza hivyo.

Nakumbuka vizuri asubuhi tuliyotoka Nshamba, miaka michache baada ya Uhuru, mimi na baba yangu mdogo. Tulikwenda Burundi kumposea kaka yangu. Alikuwa na kazi Ngara, akampenda Nahimana, binti wa ng'ambo ya mpaka, na alituambia wazi kwamba akimkosa huyo, haoi tena. Nilibeba akamwani, kahawa yetu ya kutafuna. Kwetu, kama ujuavyo, maneno mazito hayaanzi kabla mwenyeji na mgeni hawajatafuna pamoja.

Baba yake Nahimana alikuwa amefanya uashi mjini, akajua Kiswahili. Nikamkabidhi kahawa kwa mikono miwili. Akashukuru, akaifunga kitambaani, akampa mkewe aipeleke ndani. Hakutafuna hata punje moja.

Damu ilinichemka. Nikamnong'oneza baba mdogo kwa Kihaya, "Ametukataa. Tuondoke."

"Umemuuliza?"

"Niulize nini tena? Si umeona!"

"Nimeona mtu ameweka kitu ndani. Kaa chini, waitu."

Kisha akamgeukia mwenyeji. "Mzee mwenzangu, kahawa yetu umeiweka wapi?"

"Pazuri! Mvua zikianza naipanda. Mbegu zilizotoka mbali hivyo, nizichezee?"

Baba mdogo akatoa punje mfukoni, akaitafuna. Mzee akamkodolea macho. "Ninyi mnakula mbegu?"

"Hizo zimechemshwa, mzee wangu. Ukizipanda, utazingoja mpaka wajukuu wako wazeeke!"

Mzee alicheka mpaka akajifuta machozi. Akaita kahawa irudi, akatafuna, akakunja uso kwa ule uchungu, akachukua nyingine. Ndipo chungu cha pombe ya mtama kikaletwa. Akaionja yeye kwanza, sawasawa na tufanyavyo sisi, halafu akatugawia mirija, na maneno ya posa yakaanza.

Nahimana huyo ndiye mama yako mkubwa wa Kanazi, yule anayefunga akamwani kwenye pindo la khanga asiombwe na watoto.

Basi huko uendako, usiwapime watu kwa udogo wa nchi yao, wala usidhani desturi ya kwenu ndiyo ya wote. Jambo likikuuma, uliza kabla hujakasirika, na uliza kwa upole, umeketi.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe wenyeji wenye kicheko, na subira ya kukifikia.