Hodi ya Tatu

Mzee wetu wa kitongoji cha Seven Hills, huku Australia, ametutoka. Habari zilinikuta kwenye foleni ya duka la mikate, nimevaa barakoa, na machozi yakanitoka mbele za watu. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanamjua: yule mwalimu mstaafu wa historia, mtu wa Tanga, niliyewahi kumtania hapa kwamba ukikaa naye harusini pilau itapoa kabla hajamaliza kukueleza jinsi jeshi la Australia lilivyopanga huduma za matibabu kule New Guinea.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Waaustralia waliliteka koloni hilo la Mjerumani, na punde malaria ikageuka adui wao mkubwa. Madaktari wa jeshi ikawabidi waanze na hospitali, kwinini, vyoo na maji ya kunywa. Mzee aliwasifu kwa dhati, maana si mchezo kutibu jeshi katika nchi usiyoijua. Kisha alikuwa akiweka kijiko chini na kuuliza: na wenyeji, nani aliwapigia hodi? Swali hilo lilikuwa la nyumbani kwao. Katika vita hivyo hivyo, babu yake aliwabebea mizigo Waingereza walipoitwaa nchi yetu kutoka kwa Mjerumani. Aliugua njiani, akakataa kuingia hema la daktari kwa kuwa mlangoni alisimama askari mwenye bunduki. Wenzake ndio walioleta habari za kifo chake.

Tulipofungiwa majumbani kwa ajili ya korona, wanajeshi wakawa wanazunguka kitongoji cha Fairfield pamoja na wahudumu wa afya. Mama mmoja Mkongomani, aliyekimbia vita kwao, alikuwa na homa na pumzi zinamkatika, lakini alijifungia ndani. Binti yake, aliyekaa mtaa mwingine, akampigia Mzee: “Please, Mzee, amewaona soldiers, hafungui kabisa.” Wahudumu wakakubali Mzee aje awasaidie. Aliwaomba wanajeshi wakangoje kwenye gari, nao wakaenda bila ubishi. Akapiga hodi, kimya. Akapiga ya pili, kimya. Ya tatu hakuipiga, maana ikikosa jibu adabu yetu inakutaka uondoke. Akakaa kwenye ngazi, umri wake ule na baridi ile, akawa anamsalimia na kumwuliza habari za watoto kupitia mlango uliofungwa. Mwishowe sauti ikatoka:

“Wewe ni mutu ya serikali?”

“Hapana, mama. Ni mgeni wako. Nimebakiza hodi moja.”

“Bon, sawa. Maliza yako.”

“Hodi.”

“Karibu.”

Mama alifikishwa hospitali, akapona. Nilimsifu Mzee, akanijibu kwamba babu yake naye angeingia hemani, lau angepata wa kumngoja. Tangu hapo sikumtania tena kuhusu New Guinea. Serikali yoyote yaweza kuleta daktari na dawa. Kumfikisha mgonjwa kwenye dawa hiyo kunataka mtu anayekubali kwamba mlango una mwenyewe.

Siku ya msiba idadi ya walioruhusiwa ndani ilikuwa imetimia. Yule mama alikuja hivyo hivyo, mzima, akasimama nje ya lango la nyumba ya marehemu. Akapiga hodi mara mbili, kisha akakaa chini.