Honi Niliyomchagulia Baba Mdogo

Jumamosi, tarehe saba Juni. Nilikuwa nimeinama mbele ya rafu katika duka la vyombo vya muziki hapa Makambako, miwani imeteremka puani, nikisoma maandishi madogo yaliyo nyuma ya ampilifaya. Nje ulivuma upepo wetu wa Juni, ule usioheshimu sweta wala koti. Muuzaji, kijana mwenye kofia ya sufu iliyofunika nyusi, aliniamkia vizuri, kisha akauliza kama nataka sabufa ya sebuleni au ya kanisani. Nikamwambia natafuta chombo cha kukuzia sauti ya kinanda cha mdomo.

"Kinanda cha mdomo ndiyo kipi, mama?"

Nikaviweka viganja vyangu mdomoni, nikamwonyesha.

"Aaa, hicho. Si utumie simu tu? Kuna programu inatoa sauti ileile. Hata kupuliza hupulizi."

Kizazi hiki kimejaliwa kupuliza bila pumzi. Enzi zetu pale kijijini Kichiwa sauti ilitafutwa kwa jasho. Redio ilikuwa moja, ya mwalimu mkuu, na betri zake zilipochoka tulizianika juu ya bati pamoja na maharage ili zipate uhai wa jioni moja zaidi. Tulikwenda shule tukikanyaga sakitu, ule umande ulioganda, kwa miguu mitupu, kila mtoto na kuni yake kwapani kwa ajili ya jiko la walimu. Mifukoni tulitia viazi vilivyochomwa majivuni. Vilitupasha moto vidole njiani, na saa nne tulivila na maganda yake. Jioni tulicheza kombolela hadi ukungu ulipomficha kila mtu bila yeye kujificha. Mama akituita tuliitikia mara ya kwanza, kwa sababu hakuwa na desturi ya kuita mara ya pili. "Anayepiga kelele jikoni," alizoea kusema, "ndiye ambaye chungu chake hakijachemka." Ningelishika neno hilo, nisingekuwa na habari hii ya kuandika.

Baba yetu alifariki mimi nikiwa darasa la pili, na mdogo wake, Baba mdogo Osmundi, akatusimamia. Alikuwa amebeba mizigo katika stesheni ya treni Makambako kwa miaka kadhaa, na huko msafiri mmoja alimwachia kinanda cha mdomo, naye akajifunza kukipiga kwa kusikiliza redio ya stesheni. Baadaye sana, chuoni, ndipo nilipotambua kuwa nyimbo alizozipenda ni zile za Wamarekani weusi ziitwazo bluzi. Yeye aliziita nyimbo za kuvuta. Nyimbo za kanisani, alitufundisha, hupulizwa nje. Hizi huvutwa ndani, kwa sababu huzuni ya mtu haitoki kwa kusukumwa. Ili kuipa sauti kifua, alikishika kinanda kwenye mdomo wa mbeta kuukuu, kile kipande cha mwanzi tunachonywea pombe ya ulanzi, na sauti ikatoka nene na ya chini, kama mtu mzima anayesimulia msiba bila kulia.

Baba mdogo alikuwa na kigugumizi. Neno lilipomkwama, sisi watoto tulimmalizia sentensi. Tulishindana nani atamalizia kwanza, na tulidhani huo ni upendo. Yeye alitabasamu tu na kutikisa kichwa, hata pale tulipokosea. Mara nyingine alikula ugali tuliomwagizia ilhali alitaka viazi.

Nilipokuwa kidato cha kwanza, dada yangu mkubwa, Skolastika, aliposwa na watu wa Matembwe. Kwa desturi ya ukoo wetu, siku ya harusi mwenye kusimama mahali pa baba humuaga binti mbele ya koo zote mbili, na binti haondoki uani kabla ya maneno hayo. Baba mdogo hakuweza kusema maneno marefu. Wazee wakakubali aage kwa kinanda, lakini wageni wangekuwa wengi, hivyo ikaamuliwa akodi chombo cha kukuzia sauti Makambako. Nami nikaambiwa nimsindikize, kwa kuwa maandishi ya vyombo hivyo yalikuwa ya Kiingereza na mimi ndiye niliyekuwa msomi wa nyumba.

Mwenye duka alitutolea vyombo viwili. Kimoja kilikuwa kisanduku cha mbao chenye spika moja ya inchi nane, na ndani yake taa ndogo zilizowaka taratibu kama makaa. Cha pili kilikuwa honi kubwa ya bati yenye kuendeshwa kwa betri ya gari. Nikasoma vibandiko. Kisanduku kiliandikwa wati tano, honi wati thelathini. Kwangu hesabu iliishia hapo.

"Honi ni ya minada na kutangaza chanjo, binti," mwenye duka alionya. "Kinanda kinataka kitu kinachopunguza ukali."

Baba mdogo aliinua kidole, akafungua mdomo, akakwama. Nami nikammalizia: "Anasema tunachukua kubwa. Itasikika mpaka ng'ambo ya bonde." Akanitazama kidogo, akakishusha kidole, akaibeba honi begani.

Siku ya harusi tuliifunga juu ya nguzo ya zizi. Ilimbidi ashike kipaza sauti cha honi kwa mkono mmoja, hivyo mbeta ikabaki chini ya kiti. Skolastika alisimama ameinamisha kichwa ndani ya kitenge kipya. Baba mdogo akavuta noti ya kwanza, na honi ikaitoa kama bati linalokwaruzwa kwa msumari. Sauti hiyo ikarudi kwenye kipaza sauti, ikatoka tena kali zaidi, ikawa mluzi mmoja mrefu uliowatawanya kuku. Watu wakaziba masikio. Ndipo mama mmoja wa upande wa Matembwe akasema kwa utulivu kabisa, "Jamani, huyo nguruwe si wa supu ya kesho? Mbona mnamchinja saa hizi?"

Watu wote uani wakaangua kicheko. Nami nikacheka. Nilikuwa nimesimama hatua tatu tu kutoka kwake, na niliangalia pembeni nilipoona amenitazama.

Alijaribu kusema badala ya kupiga. Akakwama katika jina la dada, na kabla hajalipita mjomba mmoja akamnyang'anya kipaza sauti, akamalizia kwa baraka za jumla. Dada akaondoka. Baba mdogo akakitia kinanda mfukoni, na kwa miaka yote iliyofuata hakuna mtu aliyemsikia akikipiga. Hakunilaumu hata mara moja, jambo ambalo ningependa angelifanya.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani nilipomwambia kijana wa duka kwamba sitaki sabufa. Nilieleza nitakacho: kitu kidogo, spika moja, kisichopayuka. Alikwenda stoo akarudi na kisanduku cha mbao chenye vumbi. "Hiki hakuna anayekitaka, mama. Kina taa ndani kama redio za mababu." Akaniongezea na kipaza sauti cha zamani cha redio ya upepo, ile ya kuitana kwa mbali, cha mviringo kama yai la bata, kinachoenea kiganjani pamoja na kinanda. Akanifundisha kupunguza ukali na kuongeza besi, na kukaa mbali na spika ili isipige mluzi. Nilimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

Jumamosi iliyofuata nilikipeleka Kichiwa. Mama mdogo, mke wake, aliitikia salamu yangu ya kamwene akiwa jikoni, akatutolea kinanda kutoka ndani ya soksi kilimohifadhiwa. Baba mdogo amezeeka, sikio la kushoto limekufa na meno yamepungua. Alikitazama kisanduku kwa muda mrefu, akaingiza kipaza sauti kiganjani, akavuta noti moja. Ilitoka nene, ya chini, ileile ya kwenye mbeta. Halafu kikohozi kikamshika.

"Ki-kilikuwepo siku ile," akasema alipotulia. "Mi-mimi nilikitaka hiki."

"Mbona hukusema, Baba mdogo?"

"U-ulikuwa umefurahi."

Nilikuwa nimekwenda na neno langu la kuomba radhi. Badala yake nikaanza kueleza vitufe, kipi cha besi na kipi cha sauti, mpaka gari la kurudia likapiga honi barabarani.

Siku hizi harusi zetu zina sabufa zilizopangwa kama matofali, na mshereheshaji husema kwa niaba ya ukoo mzima. Hakuna anayekwama, na hakuna anayeweza kukumbuka kilichosemwa. Nami siwacheki vijana, kwa maana mimi ndiye niliyetangulia kuamini kuwa kikubwa ndicho kinachosikika. Kwenye simu mazungumzo yangu na Baba mdogo yamekuwa ya kupigiana kelele, na neno langu halikufaa kupigiwa kelele. Wiki tatu baadaye nikampa kondakta wa basi la Kichiwa barua hii:

*Baba mdogo mpendwa, shikamoo. Mama mdogo akusomee taratibu, upande wa sikio la kulia. Siku ya harusi ya dada, watu walipocheka, nami nilicheka. Najua uliniona. Na kule dukani sikukusubiri; nilisema neno langu nikaliita lako. Nimeomba likizo mwezi ujao. Skolastika pia atakuja kutoka Matembwe, nimekwisha kuongea naye, na anasema bado hajaagwa. Ukiwa na pumzi, vuta. Ukiwa huna, sema tu. Tutakaa jikoni, sisi wanne. Ukikwama, sitakumalizia.*