Tiki ya Pili

Wiki hii, kwenye duka la simu hapa Mbugangari, ng'ambo ya mpaka na Goma, mama mmoja aliweka simu yake juu ya kaunta taratibu, kama anayemlaza mtoto. Mumewe alibaki Goma risasi zilipoanza. Ujumbe aliomtumia ulikuwa na tiki moja tu.

"Message yangu iko wapi sasa?" akamuuliza fundi.

"Ilipita ku antena, ikaenda kwa mashine kubwa ngambo ya bahari. Iko pale, inangojea telefone ya bwana yako iwake."

"Lakini Goma iko hapa. Mi naona manyumba yake."

"Bon, message haipite ku barrière ya mpaka, mama. Inazunguka kwanza."

Kabla fundi hajamaliza, tiki ya pili ikatokea. Sisi wateja tukashusha pumzi. Mama akashika kifua. "Donc iko muzima?"

Fundi akaweka bisibisi chini. "Telefone iko muzima. Ile mashine inajua telefone, mama. Haijui mutu."

Mama akapiga. Simu ikapokelewa, hakuna aliyesema neno, ikakatwa. Akaandika kwa kidole kimoja: "We ni nani?" Tiki mbili zikaja papo hapo, zikageuka buluu.

Wanaousifu mtandao husema umeua umbali, nami siwabishii. Swali la mama lilivuka bahari, likarudi Goma na kusomwa kabla hajainua kidole.

Akaandika tena: "Niambie tu kama ulimuzika." Ujumbe huo ulibaki na tiki moja.